Soli ya Buluu Upande wa Magharibi

Senesio, mmea wa kale wa mlima wetu, ilikuwa imekufa huku imesimama. Kilichoiua kilikuwa kichaka kizuri kuliko kitu chochote nilichokiona mlimani tangu ukame uanze.

"Usiguse, dada Ndekirwa," alisema Dokta Shebuge.

Wala sikuwa na nia. Mtu aliyewahi kubeba choo cha watalii mgongoni, kutoka getini hadi karibu na kilele, hujifunza kutogusagusa vitu. Kazi hiyo ndiyo iliyonilea. Niliitwa mgumu, kama wapagazi wote wa Meru tunavyoitwa, na ugumu wenyewe niliupata kwa kukosa kazi nyingine. Baadaye moto ukala msitu wa juu, mvua za vuli zikaanza kuja zinapojisikia, mlima ukafungwa, watalii wakaenda kupigia picha milima ya wenzetu. Sasa nilikuwa mpandaji. Nilipanda mbegu kwa miguu, na kwa mara ya kwanza maishani nililipwa kwa kutembea bila kubeba choo cha mtu.

Dokta alipiga magoti kwenye jivu la zamani. Alikuwa mwanamke mfupi, Msambaa wa Lushoto, mwenye kofia ya sufu iliyomshuka hadi kwenye nyusi. Wiki nzima nilikuwa namtania kwamba anafanana na chupa ya chai iliyovalishwa sweta, na kila mara alicheka. Leo hakuwa na kicheko. Alifunua matawi ya kile kichaka, erika, moja baada ya jingine mpaka tukaiona senesio ndani yake: shina nene kama kiuno cha mtu mzima, kichwa cha majani kimelegea na kuwa rangi ya kahawia. Mizizi ya erika ilikuwa imelizunguka shina lile kama mtoto anavyoukumbatia mguu wa mama yake sokoni. Ila mtoto hakazi namna ile.

Na maji yalikuwa yanadondoka. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kugoma. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukajipenyeza kwenye vile vijani vya erika vyembamba kama sindano, ukatoka upande wa pili ukiwa matone. Matone yakakimbia kwenye matawi, yakashuka kwenye shina, yakazama ardhini. Chini yetu, korongo ambalo nililifahamu likiwa na vumbi tupu lilikuwa linatiririka. Sasa mimi nifurahi au nilie? Mkono mmoja wa kichaka ulikuwa unaua, mwingine unanywesha.

"Hii ni njano?" dokta aliuliza kioo chake, lile bamba jembamba alilolining'iniza shingoni.

"Ndiyo, Dokta," kioo kikajibu. Aliyekuwa akisema ni Msimamizi, mashine iliyokaa ndani ya kontena la kijani getini na kuupangia mlima mzima nini kiote wapi. Alikuwa na sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na hata ungemtukana angekujibu kwa adabu. "Upande wa magharibi umepandwa mbegu ya njano pekee. Hongera kwa matokeo."

"Njano haina tabia hii."

"Takwimu zinaonyesha kwamba inayo."

Dokta alivua kofia, akakuna kichwa, akairudisha.

Mradi ulikuwa na koo mbili za erika, zilizozalishwa maabara na kufanana kwa sura kama mapacha. Njano ilikuwa mpole. Hukua taratibu, haiombi maji mengi, na huishi vizuri na majirani, kwa hiyo ilipangiwa magharibi, ambako senesio za mwisho zilikuwa bado zimesimama. Buluu ilikuwa mlafi. Hukamata ukungu kama askari anayekamata bodaboda, lakini mizizi yake haimwachi jirani mzima. Hiyo ilipangiwa mashariki, ambako moto ulikuwa umebakiza majirani wa kuhesabu kwa vidole. Walijaribu kwanza kumwaga mbegu kwa ndege zisizo na rubani, upepo ukazipeleka pamoja na jivu hadi mashambani kwa watu. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akagundua kwamba mbegu hizi huota vizuri zikikandamizwa na uzito wa mtu na kupata joto la mguu wake. Zikatengenezwa buti zenye vitundu kwenye soli. Soli za njano zikawekwa mbegu za njano, za buluu zikawekwa za buluu.

Buti lilipata nguvu kutokana na hatua zako, na nguvu hiyo ilitosha kusukuma mbegu tu. Halikujua liko wapi. Iliyojua ni bangili ya mkononi. Siku ya kwanza bangili ya kila mtu ilioanishwa na jozi yake, na tangu siku hiyo Msimamizi alifuata bangili, akaamini kwamba chini ya mkono kuna mguu, na mguuni kuna kiatu kilekile.

Nilitazama bangili yangu. Ilisajiliwa njano.

Nikatazama miguu yangu.

Kulikuwa na tope kando ya korongo. Nikaingia humo taratibu hadi vifundoni, soli zote mbili zikapotea.

"Umekwama?" dokta akauliza.

"Napoza miguu, dokta."

"Kwenye baridi hii?"

"Ya kwetu ina moto wa kuzaliwa."

Alinitazama kwa huruma, akarudi kwenye kioo. "Mashariki Buluu imekuwa kondoo kabisa," alisema, nusu kwangu, nusu kwa hewa. "Kulikuwa na lobelia chache, mimea ya kale nazo, zilizopona moto, nikadhani zitamalizwa. Hazikuguswa hata moja. Na maji hakuna. Huku Njano, mpole, inaleta mto. Labda ni joto. Labda hewa imebadilika kiasi kwamba mimea yenyewe imesahau ilivyokuwa." Akafuta umande kwenye kioo. "Kesho adhuhuri natakiwa kuweka dole gumba hapa kuidhinisha matokeo. Nikishaweka, Msimamizi atapeleka mbegu kwenye milima mingine kabla ya masika. Njano itakwenda kwenye vijiji vyenye kiu. Buluu itapandwa katikati ya mimea ya kale, maana tumethibitisha haina madhara. Hata msitu wa Shagayu kwetu Lushoto, juu ya nyumba ya mama yangu."

"Na wewe unaonaje?"

"Naona sielewi. Lakini kutoelewa hakuna kitufe chake hapa."

Nilibaki kwenye tope. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na mimi nilikuwa naelewa kila kitu isipokuwa la kufanya.

*

Kibanda cha Njiapanda kiko pale ambapo njia ya mashariki na ya magharibi zinaachana. Timu zote mbili hulala humo, na katikati kuna moto, na kuzunguka moto kuna viatu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za watalii, wakati watu kumi walikuwa na jozi sita za buti na tano kati ya hizo zilitoboka. Wagumu tulijiwekea taratibu. Kiatu si cha mtu, ni cha njia. Anayekwenda kwenye baridi kali zaidi huvaa kilicho bora. Ukitaka kujua nani amelelewa vibaya, mtazame asubuhi anapochagua viatu.

Magharibi ndiko kwenye upepo. Na buti za buluu, kwa sababu wanazozijua walioshona, zilikuwa na sufu nzito ndani.

Unaona sasa.

Hakuna aliyetuambia kwamba rangi ya soli ndiyo rangi ya mbegu; tulijua tu kwamba mashariki hupandwa mlafi. Siku ya mafunzo kijana mmoja wa ofisini alisema, "Kila mtu avae vyake," nasi tukaitikia vizuri kwa pamoja, kama mtu anavyomwitikia daktari anayemwambia apunguze chumvi. Kesho yake kulikuwa na barafu kwenye majani. Sefaniel Mbise, nyapara wetu, akazisukuma buti za buluu upande wa watu wa magharibi kwa ncha ya fimbo, na dunia ikaendelea.

Sefaniel alikuwa akikoroga uji niliporudi. Mrefu, mkavu, na ana meno machache anayoyatumia kwa ubahili. Lomayani, Mwarusha wa timu ya mashariki, alikuwa amekaa juu ya gunia akikausha soksi. Nikawaeleza yote, tangu senesio iliyonyongwa hadi dole gumba la kesho.

Sefaniel aliendelea kukoroga.

"Kwa hiyo tumepanda ya huku kule, na ya kule huku," alisema Lomayani.

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Siku za baridi. Siku za jua kila mtu alivaa alichokikuta."

"Mbona sasa mnachanganya watu," Lomayani akalalamika. "Mimi nimetembea mashariki yote nikijua napanda mlafi. Nilikuwa naomba radhi kwa kila lobelia niliyoipita. Kumbe nilikuwa mpole?"

"Wewe mpole?" nikamwambia. "Hizo soksi zako tu zimeua ndege wawili."

Akacheka. Sefaniel hakucheka. Alitoa mwiko, akaugonga kwenye ukingo wa sufuria.

"Ndeki," alisema, "mfereji wa kwetu Ngarasoni una maji?"

"Unayo."

"Yanatoka wapi?"

"Unajua yanatoka wapi."

"Nataka uniambie wewe."

"Kwenye korongo la magharibi."

"Basi." Akaanza kugawa uji. "Mfereji ulikauka mke wangu akiwa na mtoto mgongoni, umerudi mimi nikiwa na wajukuu. Ukimwambia dokta, watafanya nini? Watapuliza dawa. Walisema wenyewe kwamba huyo mlafi ametengenezewa dawa yake. Wanapuliza, wiki moja, kwisha. Na sisi tunaondolewa kwa kuharibu mradi. Tena kwa kosa gani? Kumpa mwenzako kiatu chenye joto."

"Na Lushoto?"

"Lushoto ni kwetu?"

"Ni kwao dokta. Watapelekewa hiki kinyongaji waambiwe ni kondoo. Na kuna milima mingine. Na wale wenye kiu watapelekewa Njano, watakaa wanaitazama isilete hata tone."

"Msimamizi ana akili kuliko wewe. Atagundua."

"Atagundua kwa macho gani? Macho yake ni haya hapa," nikamwonyesha bangili. "Na haya yamekuwa yakimdanganya kwa adabu kabisa."

Lomayani alipuliza uji wake. "Kwani dokta si mtu mwema? Mwambie anyamaze naye."

Nilimtazama nisijue kama anatania. Naye, nadhani, hakujua.

"Fanya utakalo," alisema Sefaniel, na kunipa bakuli langu, limejaa kuliko la mtu yeyote. "Ila kwanza shuka ukamwambie Shukurwa. Usoni kwake. Kisha uje unieleze habari za Lushoto."

Huo ulikuwa ubaya, na alijua.

*

Shukurwa ni mke wa kaka yangu, wifi yangu. Kaka yuko Mererani akichimba vito anavyosema atavipata mwezi ujao. Mwezi ujao huo una umri mkubwa sasa. Nilimkuta wifi shambani jua likiwa linazama, gauni amelikunja na kulichomeka kiunoni, anazibua mlango wa maji. Zamu ya mfereji ilikuwa yake. Aliondoa gome la mgomba, akavuta madongo mawili kwa jembe, na maji yakageuka kona kama mtu aliyeitwa jina lake, yakaingia kwenye karoti.

"Karibu wifi. Umekonda. Au ni hayo mabuti makubwa?"

"Nimekonda kwa mawazo."

"Mawazo nayo yanakula mafuta ya mtu siku hizi? Shika jembe."

Nikashika jembe. Watoto wake wawili walikuwa wanacheza kwenye tope. Mkubwa, Elibariki, alikua wakati tukinywa maji ya kisima cha bondeni, yale yenye madini yanayoharibu mifupa, na miguu yake imepinda kama upinde; anakimbia kwa kuyumba, na ukimwambia pole anakuuliza pole ya nini. Mdogo, Aikande, alizaliwa mfereji uliporudi. Alikuwa amesimama katikati ya maji, miguu yake imenyooka kama ya mbuni, anapiga maji kwa kiganja na kucheka.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanikimbia. Nilichomwambia kilitoka kinyumenyume. Nilianza na mama yake dokta kule Lushoto, nikaja kwenye soksi za Lomayani, nikafika kwenye senesio, na kwenye viatu nikafika mwisho kabisa. Wifi alisikiliza akiwa ameegemea jembe lingine. Nilipomaliza, maji yalikuwa yamejaa mstari mmoja na kuanza kumwagika, hakuyageuza.

"Senesio ndiyo ile inayofanana na kabichi iliyopandishwa juu ya nguzo?"

"Hiyo."

"Inaliwa?"

"Hapana."

"Inatibu?"

"Wazee walisema inatibu. Wazee walisema kila kitu kinatibu."

"Sasa inafanya nini?"

"Inakaa," nilisema. "Ipo mlima huu tu, dunia nzima. Inakaa pale. Usiku kukiwa na barafu inajifunga majani, asubuhi inafungua. Sijui nikwambieje, wifi. Zamani nikipita na mzigo nilikuwa naitazama moja ikijifungua, najisemea kama yeye ameiweza baridi ya jana na mimi nitaiweza ya leo."

Aligeuza maji sasa, kwa hasira, dongo likaruka hadi kwenye gauni langu.

"Umekuja kuniomba ruhusa?"

"Sijui nimekuja kuomba nini."

"Mimi sikupi." Akamwita Aikande atoke kwenye maji, mtoto akakataa, akamwacha. "Na sikukatazi. Unajua kwa nini? Nikikukataza, utanyamaza, halafu kila tukionana utaniangalia kwa jicho la mtu aliyeniuzia kitu. Utasema moyoni ni kwa ajili ya Shukurwa. Mzigo wako ubebe mwenyewe. Si ndiyo kazi yenu?"

"Miguu ya Aikande..."

"Usiitaje!" Alinikatiza kwa sauti iliyowafanya watoto wote wawili wageuke. Kisha akaishusha. "Naiona kila siku. Usinitajie."

Tukamwagilia mstari wa pili na wa tatu. Giza lilipoingia aliufunga mlango wa maji ili yaende kwa jirani, akanipa ndizi za kuchoma nile njiani. Nilizila zote na sikumbuki zilikuwa na ladha gani.

*

Asubuhi dokta alikuwa amekaa nje ya Njiapanda, kioo magotini, chai pembeni imeshapoa. Sefaniel alikuwa mlangoni na Lomayani nyuma yake, wote wakijifanya wanatazama hali ya hewa.

Nilikaa mbele yake kwenye jiwe. Nikainua mguu wa kulia, nikamwekea soli mbele ya uso.

Aliitazama. Akatazama bangili. Akatazama tena soli.

"Hii ni buluu."

"Ndiyo, dokta."

"Na jana ulikuwa magharibi."

"Nipo magharibi tangu mradi uanze. Sote tunaokwenda kule huvaa hizi. Hawa wa mashariki huvaa za njano."

"Kwa nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kule kuna baridi zaidi."

Aligusa vitundu vya soli kwa kidole kimoja. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, kikaendelea hadi kofia ikamwanguka. "Tumempa Msimamizi kila kitu," alisema. "Joto la udongo. Uzito wa nyayo. Unene wa ukungu. Hewa ya miaka mia inayokuja. Tukamwuliza kwa nini mimea inakua hivi, akachambua mpaka mawingu. Na hakuna hata mmoja aliyewauliza ninyi asubuhi mnavaaje viatu." Alifuta macho. "Wala mimi."

"Tungejua rangi ina maana..."

"Najua. Nyamaza kidogo, dada, tafadhali."

Akakiambia kioo. Msimamizi alisikiliza, akashukuru kwa taarifa, akasema: "Kwa hiyo upande wa magharibi una mbegu ya buluu karibu na mimea ya kale. Kanuni inaelekeza kupulizwa dawa ya kunyausha. Je, nithibitishe?"

Nyuma yangu Sefaniel alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

Dole la dokta lilikuwa hewani. Nililiona linashuka kuelekea kioo. Nami nikasikia mdomo wangu unasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga, maana nilichokuwa nacho kichwani asubuhi ile hakikustahili kuitwa mpango.

"Mwulize kama ana uhakika kila kichaka cha kule ni buluu."

"Dada Ndekirwa..."

"Siku za jua tulivaa chochote. Mvua ikituloweshea za sufu, tulivaa za njano. Kuna siku Sefaniel alivaa mguu mmoja rangi hii, mwingine ile, kwa sababu kidole kilikuwa kimevimba. Sema, Sefaniel."

"Cha kushoto," alisema Sefaniel kwa haraka. "Kilivimba vibaya."

"Tafadhali tajeni siku, jozi na mvaaji," alisema Msimamizi.

Tulitazamana. Lomayani akaanza, "Ile siku ya ukungu..." akaishia hapo. Zote zilikuwa siku za ukungu. Hakuna aliyeijua jozi yake hata moja. Si kwamba tulikuwa tunaficha. Tulitafuta kwelikweli, tukabishana, Lomayani akataja siku aliyokuwa Arusha hospitalini, Sefaniel akamwita mwongo, na kadiri tulivyosema ndivyo mlima ulivyozidi kutuchanganya wenyewe.

Msimamizi alisubiri kwa adabu yake yote. Mwishowe akasema: "Koo za mimea ya magharibi sasa hazijulikani. Vilevile mashariki. Dawa hairuhusiwi kwa mmea usiojulikana, kwani vichaka vyote vitahesabiwa kuwa mimea ya mlima. Matokeo yote yanafutwa. Usambazaji kwenye milima mingine unasitishwa. Uchunguzi ufanyike kichaka kwa kichaka, kwa mkono."

Dokta aliweka dole. Kazi yake yote ilitoweka kwenye kioo pale pale, mistari ya kijani ikawa ya kijivu kuanzia juu hadi chini. Alikitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa.

"Shagayu imepona," nilimwambia.

"Ndiyo." Alikunywa chai yake baridi. "Watanirudisha kufundisha sekondari. Sijui kama nakushukuru au nakuchukia. Nitakuandikia nikijua."

"Tunachunguzaje kwa mkono, dokta? Zinafanana."

"Mzizi. Wa buluu ni mnene, mwekundu ndani."

"Lakini ili niuone mzizi lazima niking'oe kichaka."

"Ndiyo."

"Na nikishaking'oa kimekufa."

"Ndiyo, dada Ndekirwa." Akavaa kofia yake, akaivuta hadi kwenye nyusi. "Ndipo ilipofikia sayansi kwa leo."

*

Dokta alipoondoka, kazi ya kuchunguza nilipewa mimi, labda kama adhabu, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Sefaniel hakunisemesha tangu siku ile, ila buti nilizowekewa karibu na moto kila asubuhi zilikuwa kavu.

Nilipofika korongoni nilimkuta wifi. Alikuwa amepanda tangu alfajiri na ndoo ya plastiki mkononi, amechoka, kanga imejaa miba. Sikumwuliza amekujaje mlima uliofungwa. Yeye naye hakuniuliza nimeamua nini.

Tulisimama mbele ya kichaka cha kwanza. Kilikuwa kikubwa, kimeshiba, ukungu unakiingia na kutoka ukiwa maji. Wifi aliweka ndoo chini yake, tukasikia matone yakigonga, kwanza kwa sauti ya plastiki tupu, kisha kwa sauti ya maji juu ya maji. Kama ni buluu, kilikuwa kikombe cha Aikande cha kila siku. Kama ni njano, kilikuwa mpole asiye na kosa aliyebahatika kukua. Nilifunua matawi. Ndani kulikuwa na senesio fupi, imekabwa hadi shingoni, majani yote yamekauka. Katikati, pale yanapojifunga usiku, kulikuwa na jani moja changa la kijani.

"Hai?" aliuliza wifi.

"Sijui. Nusu."

"Na hiki, ni kile kibaya?"

"Sijui."

"Sasa unajua nini wewe?"

Nilitazama korongo jinsi lilivyoshuka, vichaka juu ya vichaka, mpaka kule ambako hakuna senesio tena, ni mawe na jivu tu. Kule chini sikuwa na sababu ya kugusa kitu. Yangebaki maji kiasi. Nusu ya mfereji, labda robo, labda zamu moja kwa wiki. Sikuwa na wa kumwuliza.

"Najua hii ina jani," nilisema.

Nikashika shina kwa mikono miwili, nikaweka mguu kwenye jiwe, nikavuta. Kilikataa. Nikavuta tena, na mikono mingine miwili ikaja chini ya yangu, mikavu, yenye udongo wa karoti kwenye kucha. Kilitoka ghafla, tukaanguka wote wawili chali, na maji yote yaliyokuwa kwenye matawi yakatumwagikia usoni, kifuani, ndani ya mabuti.

Mzizi ulikuwa mnene. Wifi aliuvunja mwenyewe, akauangalia ndani, akautupa bila kunionyesha.

Kisha akanyanyuka, akachukua ndoo yake, akaenda kuiweka chini ya kichaka cha pili, akasubiri nije.